Kaimu, Panya Mtani wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haiko mbali sana, lakini wenyewe wangependa tuseme iko mbali, basi na iwe mbali. Jina lake silitaji. Kwa sheria ya huko, likitajwa jina la nchi kila aliyelisikia husimama na kupiga makofi, nami sitaki kumsumbua msomaji aliyekwisha kukaa vizuri.

Nchi hiyo ilikuwa na panya. Panya wako kila mahali, ila wa huko walikuwa na afya kuliko wananchi. Serikali ilipigana nao kwa moyo wote. Kwanza ililetwa sumu, iliyonunuliwa kwa shemeji wa mtu ambaye hakutajwa, na panya wakaila wakanenepa. Kisha wakaletwa paka kutoka ng'ambo. Paka wale walipewa nyumba za serikali na posho ya maziwa, na paka mwenye posho ya maziwa hana sababu ya kutoka nje juani kukimbiza panya. Mwishowe ikaundwa tume. Tume ikakaa hotelini, ikala, ikalala, ikarudi na jibu kwamba suala la panya ni pana.

Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Hiza Mndolwa, Waziri wa Chakula na Ukarimu, mtu mwenye tumbo la kutosha kwa wizara zote mbili.

"Ndugu wananchi," alisema uwanjani, "tumekosea adui! Hebu jiulizeni. Panya anaingia kwako bila hodi. Anafunua chungu chako. Anakula, anajifuta mdomo, anakwenda zake bila kuaga. Nani mwingine hufanya hivyo?"

Watu wakatazamana. Wengine walikuwa na jibu, lakini walikuwa na watoto pia.

"Mtani!" akajibu Waziri mwenyewe. "Panya ni mtani wetu! Na mtani hauawi. Mtani anafugwa!"

Kwa yule asiyeujua utani wa huko, nieleze kidogo. Watu wa Milimani na watu wa Bondeni walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba badala ya mikuki watatupiana maneno. Tangu hapo mtani anaweza kukuchukulia jogoo wako mchana kweupe, ukimtazama, na wewe unacheka. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Na ukifiwa, mtani hushuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe anachokitaka. Hakuna ruhusa ya kumvuta wala kumnunia. Wafiwa hucheka wakiwa na machozi, wakampa jembe au kuku, naye akatoka akijikung'uta. Ni desturi nzuri. Imefuta machozi mengi.

Basi ikapitishwa Sheria ya Utani wa Taifa. Kila nyumba ifuge panya. Kumpiga panya ni kosa, na kumkasirikia ni kosa kubwa zaidi. Na kwa kuwa sasa kila panya alikuwa na mwenyewe, serikali ikatangaza kwamba panya waharibifu wamekwisha nchini, na Mheshimiwa Hiza akavishwa nishani.

*

Katika mji mkuu, mtaa wa Bomani, aliishi Mzee Mbelwa Kilango, tarishi mstaafu wa Mahakama Kuu. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni kabla jaji hajaingia na kupaza sauti, "Kimya mahakamani! Simameni!" Alikuwa na sauti ambayo mtu akiisikia alisimama hata kama alikuwa anapita tu barabarani. Alistaafu na kofia yake ya kazi, sauti yake, na imani kwamba jambo likishatangazwa na serikali, limepikwa likaiva.

Tena alikuwa na sababu ya pekee ya kuipenda sheria mpya. Waziri Hiza alikuwa mtani wake. Si mtani wa kwenye vipaza sauti, mtani wa kweli. Mbelwa alitoka Milimani, Hiza Bondeni, wakasoma darasa moja na kuchapwa fimbo moja. Siku ya harusi ya Mbelwa, Hiza alikuja akamfungua mbuzi wa karamu na kuondoka naye, na bwana harusi akacheka mpaka akakaa chini. Alipokufa baba yake Hiza, Mbelwa alilala kaburini akagoma kutoka mpaka alipopewa redio. Redio hiyo bado ilikuwa sebuleni.

Ofisi ya mtaa ilimletea panya wake ndani ya kikapu. Panya huyo alitazama nyumba, akatazama dari, akatoka dirishani. Kabla jua halijazama akaingia mwingine kwa dirisha hilohilo, mwembamba, mwenye sikio lililopasuka. Mzee Mbelwa, mtu wa utaratibu, alimwita Kaimu, kwa kuwa alikuwa ameshika nafasi ya mwenzake.

"Baba Kupaza," mkewe Bi Rukia, aliyempa jina hilo kwa ajili ya sauti yake, alisema akiwa ameshika mwiko, "huyo mdudu asikanyage jikoni kwangu."

"Mama Kupaza, huyo ni mtani wa taifa."

"Basi akale kwa taifa."

Lakini kufuga panya kuna raha zake, na Mzee Mbelwa alizigundua moja baada ya nyingine. Kaimu alikuwa msafi kuliko watu wengi. Kila asubuhi alikaa kitako, akalowanisha mikono, akajipangusa uso na nyuma ya masikio kwa utulivu kama mtu anayekwenda kumchumbia binti wa watu. Alilala ndani ya kofia ya tarishi. Mzee akikohoa kidogo, "Ehm," Kaimu alitokea popote alipokuwa, akapanda mguu, akapanda koti, akaingia chini ya ukosi, akatulia hapo akisikiliza taarifa ya habari. Mzee aliyeishi miaka mingi akiwaamuru watu wasimame alifurahi kupata kiumbe kinachokuja kwa kukoholewa tu.

Karaha zake nazo zilikuwepo. Kaimu alikula kanga ya harusi ya Bi Rukia, akaanza na maandishi. Alitoboa godoro. Alikojoa kwenye mto upande wa Bi Rukia tu, kana kwamba alikuwa amesikia lile neno la jikoni. Alitafuna waya wa redio, ikawa inakata kila baada ya muda, hata nyumba ile ikasikia mianzo ya ahadi za serikali bila kusikia miisho yake. Wageni walikoma kunywa chai pale. Jirani yao Bi Kibibi, mwuza maandazi, akija alikuwa akisimama mlangoni.

"Mzee Mbelwa, naona siku hizi unanukia kama ghala."

"Ni harufu ya uzalendo, Bi Kibibi."

"Kwangu uzalendo nimeufungia kwenye debe, na mfuniko nimeukalia."

Mzee Mbelwa alicheka. Hakukasirika. Sheria haikumruhusu, lakini hata isingekuwepo asingekasirika, maana alikuwa na furaha. Jioni moja alimkuta Bi Rukia, akidhani haonekani, anamwekea Kaimu ukoko wa ubwabwa kwenye kisosi.

"Nini hicho, Mama Kupaza?"

"Nimeuangusha," alisema Bi Rukia.

*

Sifa za Kaimu zilifika kwa wakubwa. Katika maonyesho ya panya alipata nishani ya kwanza, akapigwa picha, na picha ikatoka gazetini na jina lake kamili: Kaimu Mbelwa Kilango, wa Bomani. Panya wa nyumba nyingine hawakuwa na picha wala anwani. Jambo hilo Mzee Mbelwa aliliona kuwa heshima.

Siku chache baadaye gari la Waziri lilisimama mlangoni. Hiza alishuka, akaingia bila hodi, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria.

"Maharage tena! Watu wa Milimani nyie, mtakufa mkiwa na gesi."

"Na nyie wa Bondeni mtakufa mkiwa kwenye sufuria za wenzenu," alijibu Mzee Mbelwa, na wakakumbatiana, wakacheka mpaka Kaimu akaanguka kutoka kwenye ukosi.

"Mtani wangu," Hiza alisema akijifuta machozi, "niazime huyu. Sikukuu ya Taifa nataka akae meza kuu, upande wangu wa kulia."

Mzee Mbelwa alimwogesha Kaimu kwa maji ya uvuguvugu, akamchana manyoya kwa mswaki, akamtia kikapuni. Gari lilipoondoka alibaki amesimama barabarani akipunga mkono.

"Mbuzi wa harusi yetu," alisema Bi Rukia nyuma yake, "alirudi lini?"

"Ule ulikuwa utani, mwanamke."

"Najua. Nauliza tu alirudi lini."

Sikukuu ikapita. Kaimu hakurudi. Mzee alijiambia kwamba shughuli za kitaifa huwa zinachelewa.

*

Mwaka ule mvua iligoma. Mahindi yalinyauka yakiwa na urefu wa goti, na watu wakaanza kunywa uji mwepesi wenye sura zao ndani yake. Hawakuogopa sana. Kila mmoja alijua kwamba Ghala Kuu la Taifa limejaa, maana lilikuwa likitangazwa kila wiki, na redio nyingi hazikuwa na waya uliotafunwa.

Siku ya kulifungua ilipofika ilipigwa bendi, ukakatwa utepe, mlango ukasukumwa. Ndani palikuwa na ufagio.

Bendi ilipiga wimbo mwingine kidogo, ikanyamaza. Mheshimiwa Hiza akatazama lile giza kwa muda, akatoa kitambaa, akajipangusa uso.

"Ndugu wananchi," alisema kwa huzuni, "mtani wetu amezidi."

Hivyo ndivyo panya walivyoshtakiwa. Ila kesi haiwezi kuendeshwa dhidi ya panya wote, maana hati za kuitwa shaurini zinahitaji jina na anwani. Katika nchi nzima alipatikana panya mmoja mwenye jina na anwani.

Barua ilimfikia Mzee Mbelwa ikimwomba "kufika mahakamani kueleza habari za Kaimu." Alivyoielewa yeye, walitaka kumpandisha cheo. Alipiga pasi sare yake ya zamani, akavaa kofia, akaingia mahakama ileile ambayo aliulinda mlango wake. Kizimbani kilikuwepo kikapu kilichofunikwa. Alikohoa, "Ehm." Kitu kilikwaruza ndani. Hakuutambua mkwaruzo wake, lakini alisema moyoni ni wasiwasi wa mahakama.

"Mzee," alianza mwendesha mashtaka, kijana aliyepakwa mafuta vizuri, "panya wako anakula?"

Nani anaulizwa hivyo kuhusu mnyama wake akajibu kwamba hali? Huko kwao, ukiulizwa kuhusu ng'ombe, unasema anatoa maziwa mpaka ndoo zinakimbia. Ukiulizwa kuhusu mtoto, unasema anamaliza sahani na kuilamba. Kusema mnyama wako hana hamu ya chakula ni kujitangaza kwamba nyumba yako ina njaa.

"Anakula?" Mzee Mbelwa alijibu kwa sauti iliyogonga dari. "Bwana mkubwa, huyu ndiye panya mlaji kuliko wote nchini! Hajashiba tangu nimfahamu. Ukimwekea gunia, kesho unakuta gunia peke yake!"

Mahakama nzima ikahema. Karani akaandika.

"Na ni mwenye akili? Anaweza kuongoza wenzake?"

"Angeweza kuongoza wizara!"

"Sina swali zaidi," alisema mwendesha mashtaka.

Jaji alimhukumu Kaimu kifo kwa kula Ghala Kuu la Taifa, yeye pamoja na wenzake ambao hawakufahamika. Hukumu ilisomwa kwa upole mkubwa, kwa kuwa sheria ilikataza kumkasirikia. Na kwa kuwa mshtakiwa alikuwa mtani wa taifa na mwenye nishani, ikaamriwa azikwe kwa heshima zote za serikali.

Mzee Mbelwa alitoka nje. Njiani watu walimpisha. Pale kwa Bi Kibibi, ambaye sasa alikuwa akiuza maji ya moto yenye sukari, mzee aliinamisha kichwa.

"Mzee Mbelwa," Bi Kibibi alisema, na safari hii hakuwa akitania, "wajukuu zangu wamelala na njaa. Panya wako ametumaliza. Umesema mwenyewe."

*

Siku ya pili yake, asubuhi, aliichukua ile kofia ya tarishi na kwenda nayo kwa Hiza. Alitaka kumwomba jambo dogo tu, kofia iwekwe ndani ya sanduku, Kaimu alale humo kama alivyozoea.

Walinzi walimfahamu, na mtani hapigi hodi. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasukuma mlango wa banda la magari.

Hapakuwa na magari. Palikuwa na magunia ya mahindi kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati, yamepigwa muhuri wa Ghala Kuu la Taifa, yakiwa yamepangwa kwa uangalifu ambao Mzee Mbelwa, mpenda utaratibu, aliusifu kabla hajauelewa. Na juu ya gunia la mbele, amekaa kitako, mnene, sikio limepasuka, alikuwa Kaimu.

"Kaimu!" alinong'ona. Akasahau magunia yote. Akanyoosha kofia. "Ehm."

Kaimu alimtazama. Pua yake ilicheza kidogo. Kisha akageuka, akaingiza mikono yote miwili kwenye tundu la gunia, akaendelea kula, mkia ukining'inia upande wa mzee.

"Ehm," mzee alikohoa tena. "Ehm. Ehm."

"Una kifua, mtani?" Hiza alikuwa mlangoni, amevaa fulana, anachokonoa meno. "Huyo hakutambui tena, usijisumbue. Hapa amezoea."

"Nimesimama mbele ya jaji, Hiza. Nimesema kwa mdomo wangu amekula ghala."

"Na ulisema vizuri mno! Nilikwambia siku zote, sauti yako ni mali ya taifa."

"Watoto wa mtaani kwangu wanalala na njaa."

"Mtani wangu," Hiza alimwekea mkono begani, mkono uleule uliokuwa ukimshika tangu shuleni, "umenichukulia redio nikiwa na msiba wa baba, nikacheka. Nami leo nimechukua kidogo. Mbona sura imekukunjamana? Hujakasirika, au sivyo? Kumkasirikia mtani..." Akacheka, akainua debe. "Chukua debe moja. Mpelekee shemeji."

Mzee Mbelwa alilitazama debe. Alimfikiria Bi Rukia na kile kisosi. Akavaa kofia yake kichwani, akaliacha debe, akatoka bila kuaga, kama desturi inavyotaka.

*

Mazishi yalihudhuriwa na taifa zima, kwa kuwa lilikuwa limeahidiwa uji. Wizara ilikuwa na mchoro mmoja tu wa kaburi la heshima, ule wa kuzikia mawaziri, na mkandarasi alikuwa ameshalipwa kwa mchoro huo. Hivyo kaburi la Kaimu lilichimbwa kwa vipimo vya Mheshimiwa aliyeshiba. Pembeni yake lilikuwepo sanduku dogo, limefungwa misumari kila upande.

Hiza alikuwa katikati ya hotuba ("alikuwa mtani, alikuwa mlaji, alikuwa mmoja wetu") wakati mzee aliyevaa sare ya tarishi alipopenya katikati ya bendi, akakaa ukingoni, akashuka kaburini, akalala chali.

Uwanja ulilipuka kwa vicheko. Watu walikuwa hawajacheka kwa muda mrefu, na hili walilijua tangu utotoni.

"Mtani huyo! Mtani wa Milimani!"

Hiza naye akacheka, akasogea ukingoni, akainama kwa shida. "Haya, mtani, nimekuona. Unataka nini utoke? Kuku? Jembe? Redio nyingine?"

"Nataka mahindi," alisema Mzee Mbelwa.

"Mpeni gunia la mahindi!" Hiza akapunga mkono.

"Sitaki gunia." Na hapo aliitoa ile sauti, sauti ya mlangoni kwa jaji, ikatoka ardhini ikafika mpaka kwa wale waliopanda kwenye kuta. "Nataka yaliyomo kwenye banda lako la magari, Hiza Mndolwa. Yote. Yapo mpaka kwenye mabati. Na Kaimu yumo humo humo, hai, anakula. Fungueni hilo sanduku!"

Waliokuwa wamekaa walikuwa wamesimama bila kujua. Vicheko vilipungua, vikabaki kimoja kimoja, vikaisha. Hakuna aliyemgusa mzee. Desturi ilikuwa wazi, na sheria aliyoitunga Waziri mwenyewe ilikuwa wazi zaidi: mtani havutwi, mtani hakasirikiwi. Polisi walimtazama Waziri. Waziri alitazama sanduku. Hakusema lifunguliwe.

Kisha akainama, akateka udongo kwa kiganja, akaumwaga kaburini. Alikuwa bado anatabasamu. Udongo ulimwangukia Mzee Mbelwa kifuani, mwingine mdomoni.

Mzee aliutema. Alimtazama mtu aliyechapwa naye fimbo moja.

"Hiza," aliuliza, na safari hii kwa sauti ndogo, "huu bado ni utani?"

Hiza aliteka kiganja cha pili, akawapungia makuli wenye sepetu wasogee.

Makuli hawakusogea, wala hawakuondoka. Walishika sepetu zao wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Hapo umati ukapasuka kidogo, akapita mwanamke mzee mwenye kanga iliyotafunwa pindo. Bi Rukia alivua ndala zake, akazipanga ukingoni upande wa miguu ya Waziri, akakusanya kanga magotini, akaanza kushuka.

"Sogea, Baba Kupaza," alisema.

Mzee Mbelwa akasogea. Nyuma ya Bi Rukia, Bi Kibibi alikuwa anavua ndala zake. Na kaburi lile, kama nilivyosema, lilichimbwa kwa vipimo vya mtu mkubwa. Nafasi ilikuwepo.